Dawa Salama ni Salama kwa Nani?

Mzee wa Ngokolo, mjini Shinyanga, akishikwa na jongo, kidole gumba cha mguu kikavimba usiku hata shuka likawa mzigo, watu watamtania: "Punguza nyama, bosi!" Mkoa wa ng'ombe huu, utani kama huo haukosi. Lakini nyama siyo mkosaji peke yake. Jongo huja pale asidi ya yuriki inapozidi katika damu na kuganda kama visindano ndani ya viungo, na mara nyingi figo ndizo zinazoshindwa kuitoa.

Sasa je, dawa? Alopurinoli ilianza kutumika Marekani mwaka 1966. Bei yake ni nafuu na imewafaa wengi, ila wachache huwababua ngozi mwili mzima, hata kuwaua. Benzibromaroni ilizisaidia figo kuitoa asidi, kumbe iliharibu ini la baadhi ya watu. Mwaka 2003 mtengenezaji wake akaiondoa sokoni katika nchi kadhaa. Mwaka mmoja kabla, wataalamu wa Japani walikuwa wameutambua mlango wenyewe, URAT1, ambao figo huutumia kuirudisha asidi hiyo kwenye damu. Kikatafutwa kidonge cha kuufunga huo tu, milango mingine isiguswe. Mwaka 2020 Japani ikaidhinisha dotinuradi.

Hongera zao! Lakini, ndugu msomaji, kidonge kilichopimwa kwanza kwa Wajapani kinajua nini juu ya mzee wetu wa Ngokolo? Hata hatari ya alopurinoli hufuata jeni. Mwaka huohuo wa 2020 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kilishauri Wamarekani Weusi, na wenye asili ya Asia ya Kusini-Mashariki, wapimwe jeni hiyo kabla ya kuanza dawa. Asiyehesabiwa wakati wa kupima, ataitwaje salama wakati wa kumeza?

Basi tukae tukingoja? Hapana. Tudai kupimwa nasi, na huku tuitumie vizuri dawa iliyopo. Usalama umo pia katika dozi ndogo ya kuanzia, katika kupima figo, na katika mdomo wa anayetoa dawa: "Mzee, ukiona vipele, acha dawa, urudi hapa siku hiyohiyo." Maneno hayo hayangoji maabara ya Tokyo. Anayempa mzee vidonge bila kumwambia hivyo, amempa nusu ya dawa tu.