Kiporo na Jasho la Mkulima

Wahenga walisema, "Akiba haiozi." Msemo huu ni kweli kwa fedha, kwa elimu, na kwa nafaka iliyokaushwa vema ikatiwa ghalani. Lakini wali ulioachwa wazi jikoni usiku, kesho adhuhuri utakuwa umechacha, na jioni utamwagwa jalalani. Yafaa basi tujiulize: je, mtu aliyenunua chakula kwa fedha yake halali anayo haki ya kukitupa?

Wengi watajibu upesi kwamba anayo. Fedha ni yake, chakula ni chake, wala hakumwibia mtu. Wengine wataongeza hoja nzito zaidi: kwamba ukarimu ni sehemu ya utamaduni wetu, na nyumba inayopima chakula kwa vichwa vya wenyeji tu itaaibika siku mgeni atakapobisha hodi. Kwa hiyo, wasema, kupika kwa ziada si ufujaji bali ni utu.

Hebu tuanze na hoja hii ya pili. Ni kweli kwamba wazee wetu walipika kwa kuzidisha. Lakini ziada yao ilikuwa na mwenyewe hata kabla ya chungu kuepuliwa. Mgeni asipotokea, kiporo kililiwa asubuhi na watoto na wenye kwenda shamba, ukoko uligombewa, makombo walipewa kuku, na maganda mbuzi. Sisi wa mijini tumechukua desturi ya kuzidisha, tukaiacha desturi ya kumaliza. Leo kijana huona haya kula kiporo mbele ya mwenzake, asione haya kukimwaga. Huo si ukarimu. Ukarimu huhitaji mpokeaji, na jalala halimpokei mgeni.

Sasa tuitazame hoja ya umiliki. Nyumba inayomwaga kila siku wali uliotokana na robo kilo ya mchele, kwa mwaka mmoja itakuwa imemwaga mchele wa kilo 91, karibu gunia zima. Hakuna mzazi atakayekubali kulibeba gunia hilo begani akalimwage shimoni. Lakini kwa kuwa hulimwaga upawa kwa upawa, haoni kitu. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba hukimaliza. Fedha hiyo ingeweza kununua madaftari na sare za watoto wake mwenyewe.

Hata hivyo, hasara hiyo si yake peke yake. Sehemu ya mchele tunaoula hutoka bonde la Usangu, wilayani Mbarali. Tangu mwaka 1993 Mto Ruaha Mkuu umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na miongoni mwa sababu ni maji yanayoelekezwa katika mashamba ya mpunga. Maji hayo mlaji hakuyalipia sokoni. Hakulipia pia miti iliyokatwa ikawa mkaa wa kupikia. Na chakula kikioza chini ya lundo la taka pasipo hewa, hutoa gesi ya methani, ambayo huongeza joto la dunia kupita hewa ya kaboni mara nyingi. Joto hilo huharibu majira ya mvua, na wa kwanza kuumia ni mkulima yule yule aliyetulimia.

Wala tusidhani kwamba huu ni ugonjwa wa matajiri tu. Ripoti ya mwaka 2024 ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa ilionyesha kwamba mwaka 2022 tani milioni 631 za chakula zilitupwa majumbani duniani, na kwamba tofauti kati ya nchi tajiri na nchi za kipato cha kati ni ndogo.

Ni dhahiri basi kwamba fedha hununua haki ya kula, lakini hainunui haki ya kuharibu, maana sehemu kubwa ya thamani ya chakula haikuwamo katika bei. Mwalimu na awatume wanafunzi wake wapime, kwa juma moja, chakula kinachomwagwa nyumbani kwao, kisha wakileta hesabu darasani waulizwe ni jasho la nani. Na kijana atakayepashia kiporo chake asubuhi na asione haya, hatakuwa amerudi nyuma. Atakuwa amemheshimu aliyelima.