Jumanne: Jua la Leo, Mana ya Leo

Soma Zaburi 104:14, 21–23, 27–30. Ni viumbe gani wanaomngojea Mungu awalishe?

Mtunga zaburi anaanza na majani ya wanyama, kisha anamfikia simba angurumaye usiku. Mpangilio huo huonekana wazi Serengeti. Nyumbu zaidi ya milioni moja huzunguka huko wakifuata mvua na malisho, lakini simba ni elfu chache tu. Kwa nini wasilingane?

Jani hupokea mwanga wa jua na kuufanya chakula. Nyumbu akilila, nguvu nyingi humwishia katika kutembea, kupumua na kuupa mwili joto, na joto hilo hupotea hewani. Mwaka 1942 ulichapishwa utafiti wa Mmarekani Raymond Lindeman juu ya ziwa dogo la Minnesota, ukionyesha jinsi nguvu inavyopungua toka mlaji mmoja hadi mwingine. Shuleni hufundishwa kadirio la moja ya kumi: katika sehemu 1,000 za nguvu ya majani, nyumbu hubaki na 100 mwilini, na simba 10. Huyo tunayemwita mfalme wa porini ndiye anayehitaji wengi zaidi wawepo ili yeye aishi.

Tena, maji hurudi kuwa mvua, na samadi na mizoga hurudi kuwa rutuba, lakini nguvu hairudi. Hata kuni na mafuta ya mwilini ni jua la zamani lililowekwa akiba, likitumika, limekwisha. Mbuga nzima huishi kwa sababu asubuhi jua huchomoza tena.

Je, simba ni ushahidi kwamba kifo kilikuwapo katika mpango wa mwanzo? Linganisha Mwanzo 1:30 na Isaya 65:25. Mungu aliwapa wanyama wote majani, na katika nchi mpya simba atakula majani tena. Zaburi 104 inaitazama dunia iliyokwisha kuguswa na dhambi, ambayo Mwumbaji hajaacha kuilisha. Kazi ya jani na jua ni ya Edeni. Meno yenye damu si ya huko.

Soma Kutoka 16:19–24. Kwa nini mana ya jana iliingia mabuu, lakini ile ya Sabato haikuharibika?

Vyombo vilikuwa vilevile. Waliookota siku ya sita waliweka akiba kwa neno la Bwana. Wale wa kwanza waliweka kwa kuogopa kesho.

Jadilini darasani: Mtu aliyebatizwa miaka mingi iliyopita, mwenye cheo kanisani na ushuhuda ambao washiriki wote wanaujua, atajuaje kwamba anakula mana ya leo? Nyumbani kwako, ni lini mara ya mwisho Neno lilifunguliwa kabla ya simu?