Mshika Matatu

Wahenga walisema kuwa mshika mawili moja humponyoka. Methali hii imekaa katika vinywa vya wazee na walimu kwa muda mrefu, nayo imewafaa vijana wengi ambao tamaa yao ilizidi urefu wa mikono yao. Sikusudii kuivunja. Nakusudia kuipima. Ikiwa mshika mawili huponyokwa na moja, mshika matatu ana hukumu gani? Je, mtu agawaye nguvu zake katika mambo matatu huyadhulumu yote matatu? Hili ndilo swali la insha hii, na mfano wake nitauchukua katika michezo.

Marathoni ni mbio za kilometa 42 na mita 195. Urefu huo ulitumika kwanza katika Michezo ya Olimpiki ya London mwaka 1908, ukathibitishwa kuwa kipimo cha kudumu mwaka 1921. Triathloni ni jambo jingine. Ndani yake mshindani huogelea, kisha hupanda baiskeli, kisha hukimbia, wala hapewi nafasi ya kupumzika kati ya mchezo mmoja na mwingine. Katika Olimpiki, ambako triathloni iliingia mwaka 2000 huko Sydney, mtu huogelea kilometa moja na nusu, huendesha baiskeli kilometa 40, na humalizia kwa kukimbia kilometa 10. Kwa hiyo mtu ajitayarishaye kwa triathloni akaingia katika marathoni, huingia humo na sehemu tu ya mazoezi yake. Sehemu nyingine ameiacha majini, na nyingine ameiacha juu ya baiskeli. Pembeni mwake husimama mtu ambaye mwaka mzima hakufanya jambo ila kukimbia.

Mimi ni mmoja wa watu wa namna hiyo. Ni mwalimu katika chuo cha ualimu, umri wangu umevuka miaka thelathini, na miguu yangu haijapata kuniletea hata shilingi moja. Watu kama mimi huitwa wanamichezo wa ridhaa. Neno hili ni zuri kuliko wengi wadhanivyo. Ridhaa ni kukubali jambo kwa moyo bila ya kulazimishwa. Hapana anitumaye, hapana anilipaye, hapana atakayenidai nisipotokea. Katika nchi nyingine ridhaa ya namna hii hupita bila ya kutazamwa, lakini katika nchi yetu huweza kuchekwa. Kenya ni nchi ya Eliud Kipchoge, aliyeshinda marathoni ya Olimpiki mjini Rio mwaka 2016, akaishinda tena katika michezo ya Tokyo iliyofanywa mwaka 2021. Ni nchi ya marehemu Kelvin Kiptum, ambaye mwaka 2023 alimaliza marathoni ya Chicago kwa saa 2 na sekunde 35. Katika nchi hiyo, mtu amalizaye kwa saa tano ni kama mtu auzaye maji kando ya mto.

Tena nchi yetu ya Meru na Embu, iliyolala katika mabega ya mashariki ya Mlima Kenya, si mwalimu mpole. Barabara itokayo Embu kwenda Meru hupita Runyenjes, Chuka na Nkubu, na njiani huvuka mito mingi ishukayo mlimani: Thuci, Nithi, Mutonga na mingineyo. Kila mto umechimba bonde lake. Mpanda baiskeli hushuka kwa kasi ya kutisha, mikono yake ikiuma kwa kushika breki, kisha hupanda upande wa pili taratibu hata mama mwenye mzigo wa majani ya ng'ombe humpita na kumpa pole. Kuogelea ni taabu zaidi. Mito ya juu ni ya baridi, ina mawe na maji ya nguvu. Mabwawa makubwa ya mto Tana yana viboko na mamba. Kwa hiyo mwenye kutaka kujifunza huenda katika bwawa dogo la hoteli, hulipa kiingilio, akapiga maji kwenda na kurudi mara nyingi. Wengi wetu tuliozaliwa katika vilima hivi tulipata ndevu kabla ya kujua kuogelea.

Sasa turudi kwenye swali. Je, nguvu zigawanywazo namna hii hupotea? Mto wa Tana hutupa sehemu ya jibu. Maji yake, yakipita katika mpaka wa Embu, huingia mabwawa matano: Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere. Katika kila bwawa maji huzungusha mitambo ya umeme, kisha huteremka kwenda kufanya kazi ile ile katika bwawa la chini. Maji ni yale yale, na kazi ni mara tano. Mwili nao una mambo ya namna hii. Moyo uliozoezwa majini hausahau mazoezi yake nchi kavu. Mapafu hayaulizi kama pumzi yatafutwa kwa ajili ya baiskeli au kwa ajili ya mbio. Lakini yako mambo mengine ambayo hayakopeshwi. Kano za kifundo cha mguu huzoea kishindo cha barabara kwa kukanyaga barabara tu. Maji hayana kishindo, na baiskeli hubeba uzito wa mpandaji. Basi ukweli ni huu, nao haufai kufichwa: agawaye nguvu zake hupata msaada fulani kutoka kila upande, lakini katika kila upande atashindwa na yule aliyejitoa kwa upande mmoja. Hapo methali ya wazee inasimama imara. Ushindi ndio unaomponyoka.

Je, kuna kingine kinachomponyoka? Hapa ndipo penye hatari, nami niliijua katika mbio za Lewa. Tangu mwaka 2000 marathoni hukimbiwa katika hifadhi ya Lewa, sehemu ya kaskazini ya Meru, kwa kawaida mwezi wa Juni, na fedha zipatikanazo husaidia hifadhi ya wanyama, shule na afya. Njia yake ni ya vumbi, imepanda na kushuka, nayo iko kiasi cha mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Askari wa wanyama na ndege ndogo hulinda ili vifaru na nyati wasikutane na wakimbiaji. Njia hiyo ni ya kilometa 21. Wakimbiaji wa nusu marathoni huizunguka mara moja wakamaliza. Wa marathoni nzima hufika mahali pale pale wenzao wanapopewa medali na maji baridi, wakapapita, wakaenda kuanza upya.

Mzunguko wa kwanza ulinipa furaha. Pumzi ilikuwa tele, nikawashukuru maji na baiskeli. Nilipopita wale waliomaliza, wamekaa chini ya kivuli wakicheka, nilikuwa bado na nguvu za kuwapungia mkono. Lakini karibu na kilometa ya 30 akiba ya sukari iliyomo katika misuli na ini huwa imekaribia kwisha, na jua la Lewa halina huruma. Vifundo vikaanza kudai deni lao. Ndipo nikasikia moyoni sauti ya upole sana ikisema: "Wewe si mtu wa marathoni. Wewe ni mtu wa michezo mitatu. Hapa umekuja kufanya mazoezi tu." Sauti hiyo haikuwa ngeni kwangu. Ndiyo iliyoniambia, nilipochoka majini, kuwa mimi ni mkimbiaji. Ndiyo iliyoniambia, katika kilima cha Nithi, kuwa mimi ni mwogeleaji. Kila mahali ilinitaja kwa jina la mahali pengine. Mtu wa jambo moja, akishindwa, hana pa kukimbilia. Mtu wa mambo matatu ana nyumba tatu, na kila moja ina mlango wa nyuma. Nilipoitambua sauti hiyo niliacha kujibizana nayo. Nilikwenda, nikitembea katika vilima na kukimbia katika miteremko, nikamaliza pamoja na watu wa mwisho.

Msomaji wangu, tenganisha sababu na udhuru. Sababu hutukuta njiani, lakini udhuru tunatoka nao nyumbani. Mwaka 1968, katika marathoni ya Olimpiki mjini Mexico, John Stephen Akhwari wa Tanzania aliumia goti njiani. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli. Angesimama, hapana mwenye haki ambaye angemlaumu. Aliendelea akichechemea, goti limefungwa kitambaa, akaingia uwanjani usiku zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda. Watu 75 walianza mbio zile na 57 walizimaliza. Yeye alikuwa wa 57. Simsifu kwa kuumia, wala sikushauri ukimbie juu ya goti lililovunjika. Mwenye homa na asimame, na mwenye maumivu ya kifua na asimame upesi, maana uaminifu si ukaidi. Namsifu kwa kuwa alikuwa na sababu mkononi na hakuitumia, hali wengi wetu hatuna sababu na tunatumia udhuru.

Basi jibu langu ni hili. Nguvu za mtu hugawanyika, na hapana dhambi kuzigawa. Uaminifu haugawanyiki. Aliyeingia katika mbio na theluthi ya nguvu zake anadaiwa theluthi hiyo yote, wala hadaiwi zaidi. Akiitoa hajadhulumu mtu. Akiificha nyuma ya theluthi nyingine mbili amedhulumu mbio, na amejidhulumu mwenyewe, kwa sababu hatajua kamwe urefu wa uwezo wake. Lakini ridhaa ina mpaka. Naweza kugawa kilicho changu tu. Mwalimu aendeshaye baiskeli alfajiri akaingia darasani bila ya somo tayari, amegawa mali ya wanafunzi wake. Baba atumiaye karo ya mtoto kununua viatu vya mbio, amegawa mali ya mtoto. Hapo ridhaa imegeuka kuwa wizi, hata kama mwizi anatoka jasho.

Na wewe uliye mwanafunzi, huenda hujapata kukimbia hata kilometa tano, lakini umo katika mashindano ya mambo mengi. Masomo yako ni mengi, na hapana uwezekano wa kuwa wa kwanza katika yote. Nimesikia vijana wenye akili wakisema, "Mimi si mtu wa hesabu, mimi ni mtu wa lugha," na wengine wakisema kinyume chake. Maneno hayo huweza kuwa kweli. Chunguza tu ni wakati gani yanasemwa. Yakisemwa baada ya kazi, jioni, daftari likiwa limejaa majaribio, ni sababu, na mwalimu mwema atayasikiliza. Yakisemwa kabla ya kitabu kufunguliwa, ni udhuru. Chagua somo utakalolipa nguvu nyingi, maana uchaguzi ni haki yako na methali ya wazee bado ni ya kweli. Lakini lile utakalolipa nguvu chache, lipe hizo chache kwa mikono miwili. Huenda ukawa wa mwisho katika somo hilo. Utakuwa wa mwisho aliyefika, na mtu huyo hana haja ya kumficha mwalimu uso wake.