Maji ya Rusumo Si ya Bluu

Wiki nzima simu yangu imepokea picha moja mara nyingi kuliko ilivyopokea salamu. Ni maporomoko ya Rusumo, pale Mto Kagera unapotenganisha Ngara na Rwanda, isipokuwa maji yamekuwa ya bluu, na povu jeupe pe. Kundi letu la watu wa Kahama limeshangilia. "Utadhani Ulaya!" kaandika mmoja, na sifa zikamiminika.

Aliyeitengeneza namfahamu. Ni kijana mwenye studio ndogo hapa mjini, riziki yake ni picha za pasipoti na harusi. Madereva wanaopakia mizigo Isaka kwenda Kigali humletea picha walizopiga wakivuka Rusumo, naye huzipamba kwa malipo kidogo. Nilikuwa nimekwenda kwake kupiga picha ya kitambulisho, nikamkuta kazini, nikavuta stuli nikatazama.

Picha yenyewe, kabla hajaigusa, ilikuwa nzuri. Maji ya rangi ya udongo mwekundu yanajirusha mwambani kwa hasira, na watu wawili wameegemea kingo za daraja. Programu anayoitumia imezigawa rangi kwa mafungu: nyekundu, chungwa, njano, kijani, na kuendelea. Tope la Kagera limo katika fungu la chungwa. Kijana akaweka kidole, akalishusha. Maji yakapauka. Na wale watu wawili nao wakapauka, nyuso na mikono ikawa rangi ya majivu, maana ngozi zetu ziko fungu lile lile. "Hapo sasa ndipo kazi ilipo, mzee," akasema. Akaikuza picha, akaanza kuwapitia mmoja mmoja kwa ncha ya kidole, shavu, shingo, kiganja, akiwarudishia rangi waliyozaliwa nayo. Kisha akayapaka maji bluu. Sikio la mmoja lilimponyoka. Mpaka leo linazunguka mitandaoni likiwa la bluu.

Nikamuuliza kwa nini asiyaache maji yalivyo. "Watu hawataki tope, mzee wangu. Nani atalipia tope?"

Najua nitaambiwa picha ni sanaa, na kwamba hakuna picha isiyoguswa. Ni kweli. Mpiga picha wa maporomoko huifunga kamera yake kwenye stendi, akaweka kioo cheusi mbele ya lenzi, akaacha mwanga uingie kwa sekunde kadhaa, na maji yakatoka laini kama pamba iliyotoka kuchambuliwa. Hakuna jicho lililowahi kuyaona hivyo. Lakini hilo halinisumbui. Kila tone lililomo katika picha ile lilipita pale, na kamera imelikusanya tu. Wala sina ugomvi na anayeongeza mwanga, au anayekata pembeni kuondoa nyaya za umeme. Ugomvi wangu ni na rangi ya maji, kwa sababu rangi ile ni habari.

Juu kidogo ya maporomoko, Ruvubu wa Burundi hukutana na Nyabarongo wa Rwanda. Mito yote miwili hupita chini ya vilima vinavyolimwa mpaka kileleni. Mvua ikinyesha, shamba la mtu huteremka. Tope unaloliona Rusumo ni maharage na mihogo ambayo haitaota tena mahali ilipopandwa mwaka jana. Na haliishii pale. Mitambo ya umeme ya megawati 80 iliyojengwa hapo, ambayo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana, inapokea maji hayo hayo, na mchanga uliomo ndani ya maji hula mapanga ya mitambo. Mwisho wa safari Kagera humwaga kila kitu Ziwa Victoria. Na ziwani, pale Ihelele wilayani Misungwi, ndipo bomba letu linapochota. Tangu mradi wa bomba hilo ulipozinduliwa mwaka 2009, anayefungua koki Kahama au Shinyanga anafungua ziwa, na Kagera ni mmoja wa mito inayolilisha.

Kwa hiyo sisi, kuliko wengine, hatukutakiwa kulionea haya tope. Wenzangu wa rika langu watakumbuka maji ya bwawa la Ning'hwa na ya malambo: unatia shabu au mbegu za mlonge zilizopondwa, unakoroga, unasubiri tope litue chini. Mama zetu walijua kwa kutazama tu ndoo ni ya kunywa au ya kufulia. Kamwulize mwoshaji wa dhahabu kule Nyarugusu. Anasimama kwenye mwalo siku nzima, maji yakiteremka juu ya magunia, naye haondoi macho kwenye rangi yake. Kijana wa hapa analelewa na watu wanaosoma maji, halafu akipata simu anayafuta.

Kuna jambo jingine, na hili nalisema taratibu. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, katika muda wa saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara. Chini yao, mto ulikuwa umebeba miili ya waliouawa, ikiporomoka na maji, ikaenda mpaka ziwani. Kando ya ziwa watu waliacha kula samaki. Upande wa Uganda, Kasensero, Lambu na Ggolo, yapo makaburi ya zaidi ya 10,000 waliookotwa majini. Dunia iliamini kwa sababu walikuwapo wapiga picha waliosimama juu ya daraja lile wakaleta walichokiona, maji ya rangi ile ile ya tope na vilivyomo ndani yake. Nadhani ndizo picha za maporomoko zilizotazamwa na watu wengi kuliko zozote zilizowahi kupigwa ukanda huu. Jaribu kumwazia mmoja wa wapiga picha hao akiipamba picha yake.

"Lakini huyo wa Kahama si mwandishi wa habari," utasema. Sawa. Wenye habari wana sheria zao, na kali: mwaka 2006 ilibainika kwamba mpiga picha mmoja wa Reuters ameongeza moshi katika picha ya Beirut, nalo shirika likaacha kufanya naye kazi na kuziondoa sokoni picha zake zote 920. Kijana wetu hana mhariri juu yake. Ila picha yake imebeba jina la mahali, na mwenye kuipokea Mwanza au Muscat hana sababu ya kushuku. Anayetaka maji ya bluu apake atakavyo, mradi aondoe jina la Rusumo. Mapazia ya studio za zamani yalikuwa na maporomoko ya kila namna, watu wakapigwa picha mbele yake wamevaa suti za kuazima, wala hakuna aliyedanganyika, kwa kuwa pazia halikudai kuwa mto wa mtu.

Na hilo la "utadhani Ulaya" ndilo lililonikosesha usingizi hasa. Tope likipigwa picha vizuri lina uzuri wake, tena si wa kuazima. Nenda asubuhi au alasiri, jua likiwa la ubavuni, si saa sita. Pale ni mpakani, kwa hiyo omba ruhusa kabla hujatoa kamera. Usiache mwanga uingie muda mrefu. Nusu sekunde inatosha, uzi mmoja mmoja wa maji uonekane, mwekundu penye kivuli, wa dhahabu penye jua. Ukirudi nyumbani, ongeza kivuli kidogo kwenye mwamba. Fungu la chungwa usiliguse.