Mtoto Aliyesema Hajanielewa

Mwaka wangu wa kwanza wa kufundisha Masalani, huko Ijara, Garissa, nilimtoa nje mtoto wa darasa la kwanza, nikamsimamisha juani mpaka kengele ya mapumziko. Na jua la Ijara mnalijua. Nilikuwa nimemuuliza swali kwa Kiswahili, akanijibu mbele ya wenzake: "Kuma fahmin, macallin."

Mimi mzaliwa wa Pwani. Nilisikia tusi ambalo kwetu mtoto hulitamka mara moja tu maishani, maana mama yake hampi nafasi ya pili. Naliandika hapa wazi kwa sababu kinywani mwake lilikuwa neno safi.

Mlinzi wa lango, mzee wa Kisomali, alimwona analia akaja kuuliza kafanya nini. Nilishindwa kulitamka. Akainama, akazungumza na mtoto, kisha akanigeukia: "Mwalimu, huyu anasema hajakuelewa."

Kwa Kisomali, ku ni wewe, ma ni kikanushi. Basi. Vikikutana mbele ya kitenzi huandikwa pamoja, na Wasomali huvisema kutwa nzima, nyumbani, sokoni na msikitini.

Kinachoniuma hadi leo ni maneno mengine mawili. Fahmin ni ndugu wa fahamu yetu, macallin ni ndugu wa mwalimu. Yote yametoka kwa Waarabu, yakaingia huku na huku. Mtoto alinipa ndugu wawili na mgeni mmoja, nami nikamkamata mgeni. Tena hata huyo mgeni nusu yake naijua: ninaposema "nakupenda", ku yangu ni wewe, sawa na ya Msomali anaposema "waan ku jeclahay". Si udugu huo. Kisomali ni cha Kikushi, jamaa ya Kioroma. Kiswahili ni cha Kibantu, jamaa ya Kipokomo kinachosemwa hapo Mto Tana. Sauti za kinywa cha binadamu ni chache, na lugha ni nyingi, lazima zigongane. Tangu Kisomali kilipoanza kuandikwa rasmi kwa herufi za Kilatini mwaka 1972, zinagongana hata kwenye daftari: kale yetu ni zamani, kale yao ni nyingine, na "mar kale" kwao ni tena.

Nilimwomba mtoto radhi mbele ya darasa. Hata hivyo, muhula ule wote hakuniambia tena kwamba hajaelewa, na nilijua wazi kwamba mara nyingi alikuwa hajaelewa.

Mwalimu mwenzangu unayepangiwa kwenda Garissa, Wajir au Mandera: siku ya kwanza, kabla ya kufungua rejista, keti na mlinzi wa lango. Muulize watoto wa huko husemaje wasipoelewa.