Muti ni Dawa, Lakini Mugonjwa Asingoje

Hapa kwetu Kapolowe, mwanamuke akisikia kinundu katika ziwa lake, maneno mawili yanakutana mulangoni. Wamoja wanasema: « Bankambo walituachia miti, tuanze na mizizi. » Wengine wanajibu: « Miti ni ushenzi, enda hospitali. » Sisi tunajiuliza: kuheshimu mila na kumupenda mugonjwa, mambo hayo yanapingana kweli?

Tuanze na wale wanaodharau miti. Katika vilima vya Shimba, kule Kenya karibu na Mombasa, kunamea muti mudogo unaoitwa Maytenus buchananii. Wadigo, wenyeji wa pale, waliujua kama dawa. Mwaka 1972, Kupchan na wenzake huko Marekani walitangaza maitansine, kitu kinachoua chembe za kansere, walichokitoa katika muti wa jamaa yake kutoka Etiopia. Kisha, katika miaka hiyo ya 1970, watafiti wakavuna kule Shimba zaidi ya tani 27 za muti ule. Basi pori si ushenzi.

Lakini wapenzi wa mizizi wasifurahi mbio. Wagonjwa walipopewa maitansine peke yake, iliwatesa kuliko kuwasaidia, wakaiacha. Juu ya nini? Sumu haijui kuchagua: inaua chembe ya kansere, inaua na chembe nzima. Nyuma yake wataalamu walifunga sumu ya jamaa hiyo kwa protini inayotafuta chembe zenye alama ya HER2, ili ifike pale inapotakiwa. Dawa hiyo, trastuzumab emtansine, ilikubaliwa Marekani mwaka 2013, kwa aina moja tu ya kansere ya maziwa. Toka 1972 mpaka 2013 ni miaka 41.

Njo maana tunasema: mufumu anayemuambia mama angoje mizizi ifanye kazi, anamulipisha ile miaka kwa mwili wake. Kinundu hakingoji. Kansere ikijulikana mapema, kutibiwa kunakuwa na matumaini zaidi. Mufumu mwenye heshima atasema: « Muti wangu una nguvu, lakini kipimo chake kwa ugonjwa huu sikijui. Enda wakupime. » Kusema vile si kuwasaliti bankambo. Wao walitafuta miti juu walitaka mutu apone.

Munganga wa hospitali naye ana deni. Asimucheke mama anayekunywa majani. Mutu akichekwa anaficha, na majani mengine yanaweza kugombana na dawa alizopewa.

Sisi wote tunabaki na deni kwa pori. Tukilimaliza kwa makala, na wazee wakizikwa na majina ya miti, watoto wetu watakosa hata kitu cha kupima. Tuandike majina hayo sasa. Na mama mwenye kinundu, tumusindikize hospitali leo.