Ua la Karatasi na Deni la Wapagazi

Enyi ndugu, kila Novemba ua jekundu la karatasi huvaliwa kifuani na michango hukusanywa kwa ajili ya askari wa zamani. Kumsaidia mkongwe ni wema, wala hatuupingi. Lakini na tujiulize: je, sadaka huondoa deni? Katika vita vya 1914–1918 wanaume wa Kakamega walitwaliwa, wengi kwa nguvu, kuchukua mizigo ya jeshi. Maelfu ya wapagazi wa nchi hii walikufa kwa maradhi na njaa. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba wengi wao hawakuandikwa majina. Warithi wao hawaombi hisani. Wanadai haki, na dawa ya deni ni kulipa. Avaaye ua na avae, ila asidhani kwamba amekwisha lipa.